Msikilizaji Asiyechoka: Programu za Mazungumzo katika Kufundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza

Utangulizi

Mtoto wa Tanzania aliyesoma katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza hukisoma kama somo mojawapo. Aingiapo kidato cha kwanza mambo hugeuka. Jiografia, baiolojia na hesabu humjia kwa Kiingereza, naye hutakiwa kuuliza na kujibu kwa lugha hiyo hiyo. Wengi wa watoto hawa hawakosi akili wala bidii. Wanachokosa ni ulimi. Wanaweza kunakili ubaoni, na pengine wanaweza kusoma, lakini mwalimu akiuliza swali wao huinamisha vichwa. Mtoto akinyamaza hivyo mwaka mzima, si Kiingereza peke yake kinachompotea, bali na masomo mengine yote yanayopitia mlango huo.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza anapopata chombo kipya kinachodaiwa kuzungumza na mwanafunzi, ana wajibu wa kukipima kabla ya kukipokea au kukikataa. Makala haya yanakusudia kuonyesha programu za mazungumzo za akili unde, ambazo wengine huziita za akili mnemba, zinaweza kumsaidia nini mwanafunzi wa namna hiyo, zinashindwa wapi, na mwalimu mwenye simu moja na darasa la wanafunzi 60 anaweza kuzitumiaje.

Tatizo la muda wa kusema

Tuanze na hesabu. Kipindi kina dakika 40. Mwalimu akitumia nusu ya muda huo kueleza, kuandika ubaoni na kusimamia darasa, zimebaki dakika 20, yaani sekunde 1,200. Ukizigawa kwa wanafunzi 60, kila mmoja anapata sekunde 20 za kusema. Hata hizo hazigawanywi sawa, kwa maana wanafunzi watano au sita waliochangamka huzichukua karibu zote.

Aina yenyewe ya mazungumzo ya darasani pia ni finyu. Mwaka 1975 wataalamu wa Uingereza, Sinclair na Coulthard, walionyesha kwamba mazungumzo mengi ya darasani huenda kwa hatua tatu: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu ya jibu. Katika mpango huo mwanafunzi hapati nafasi ya kuuliza, kubisha, kuomba ufafanuzi wala kubadili mada. Lakini hayo ndiyo mazungumzo yenyewe. Mtu aliyezoea kujibu tu hajajifunza kuzungumza.

Mashine hizi ni kitu gani?

Wazo la kuzungumza na mashine si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake iliyoitwa ELIZA. Programu hiyo haikuelewa neno lolote. Ilichukua maneno ya mtu, ikayageuza kidogo kwa kanuni chache, ikamrudishia kama swali. Hata hivyo watu waliona kana kwamba wanasikilizwa, na jambo hilo lilimtia wasiwasi Weizenbaum mwenyewe.

Programu za sasa, kama ChatGPT iliyotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, zimejengwa kwa njia nyingine. Zimepitishwa katika maandishi mengi mno, zikajifunza kukadiria neno gani hufuata baada ya maneno yaliyotangulia. Kwa ukadiriaji huo huweza kujibu swali lolote kwa lugha iliyonyooka, kushika nafasi ya mtu fulani, na kurahisisha msamiati zikiagizwa. Nyingi hupokea maandishi, na baadhi hupokea sauti na kujibu kwa sauti. Mwalimu akumbuke tofauti moja: kazi ya mashine ni kutoa maneno yanayoelekea kufaa, na maneno yanayoelekea kufaa si lazima yawe kweli.

Faida zake

Faida ya kwanza ni kwamba mashine haichoki wala haicheki. Stephen Krashen, katika maandishi yake ya mwaka 1982, alisisitiza kuwa hofu na fedheha huzuia lugha isimwingie mwanafunzi. Kila mwalimu amewahi kumwona mtoto aliyetamka neno vibaya, darasa likaangua kicheko, naye asifungue tena kinywa mpaka muhula ukaisha. Mbele ya mashine mtoto huyo anaweza kukosea mara kumi, na mara ya kumi na moja akajibiwa kwa upole ule ule.

Ya pili ni kumlazimisha mwanafunzi atunge sentensi zake mwenyewe. Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa, na mwaka 1985 akaeleza kwamba kusikia lugha peke yake hakukuwatosha. Ilibidi wasukumwe kuisema, kwa maana ni katika kusema ndipo mtu anapogundua asichokijua.

Ya tatu inahusu mazingira yetu. Katika vijiji na miji yetu mingi hakuna mtu ambaye mwanafunzi analazimika kumsemesha kwa Kiingereza. Mwenye duka, kondakta, muuguzi na mzazi wote wanajua Kiswahili, na ni jambo la kuchekesha kuwazungumzisha kwa lugha nyingine. Mashine inaweza kupewa nafasi ya mtu ambaye hajui lugha nyingine ila Kiingereza.

Upungufu mkubwa: mashine huelewa mno

Walimu wengi hudhani hatari ya mashine hizi ni kwamba hazielewi. Kwa mwanafunzi wa lugha, hatari ni kinyume chake. Michael Long, katika maandishi yake kuanzia miaka ya 1980, alieleza kwamba lugha hujengeka hasa pale wasemaji wawili wanaposhindwa kuelewana, wakaulizana, wakarudia, wakabadili maneno mpaka wakaelewana. Jitihada hiyo ndiyo inayomfunza msemaji.

Sasa chukua mwanafunzi anayeiambia mashine: "Yesterday I go market buy for mother tomato." Mtu wa kawaida angeuliza kama ni jana au ni kila siku, na kama nyanya ni za mama au zimenunuliwa kwa mama. Mashine hukisia maana mara moja na kuendelea na mazungumzo kwa furaha. Mwanafunzi naye hutoka akiamini amesema vema. Msikilizaji asiyeshindwa kuelewa hamfundishi msemaji.

Mfano mwingine ni wa kwetu hasa. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili husema "three o'clock" akikusudia saa tatu asubuhi, ambayo kwa hesabu ya Kiingereza ni "nine". Mashine haina sababu ya kushuku, hivyo itaandika saa tisa na kuendelea. Mwalimu anayeijua hesabu yetu ya saa angelinasa kosa hilo papo hapo.

Kuna pia suala la masahihisho. Mara nyingi mashine husahihisha kwa kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa ndani ya jibu lake. Walimu nasi hufanya hivyo. Mwaka 1997 Lyster na Ranta walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika madarasa ya Kifaransa nchini Kanada: zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hiyo, lakini wanafunzi waliyaitikia kwa chini ya theluthi moja tu. Yaliyoitikiwa zaidi ni yale yaliyomtaka mwanafunzi ajirekebishe mwenyewe. Kwa sauti jambo huwa gumu zaidi, kwa kuwa mashine inapogeuza usemi kuwa maandishi huweza kulinyoosha kosa lenyewe, na mwanafunzi asione alichokosea.

Hatimaye, mashine haina umri wala cheo, haina mjomba wala shangazi. Mtoto wetu hufunzwa tangu nyumbani kwamba mazungumzo huanza kwa kumtambua mtu: mkubwa huamkiwa, mgeni hukaribishwa. Kiingereza nacho kina adabu yake, ijapokuwa haikai katika maamkizi kama yetu. Hukaa katika namna ya kuomba na kuuliza. Mtoto aliyezoea kuiamrisha mashine anaweza kuipeleka lugha hiyo ya amri kwa watu.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kutuongoza: mwalimu airudishe ile shida ya kuelewana ambayo mashine imeiondoa, na kila mazungumzo na mashine yaishie katika mazungumzo ya mtu na mtu.

Mfano wa somo

Somo lifuatalo ni la vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, kwa darasa la wanafunzi 60 na simu moja ya mwalimu. Mada ni kupanga safari. Watu watatu wa familia moja wanasafiri kwa basi na watalala usiku mmoja katika nyumba ya wageni. Wana shilingi 150,000 tu kwa nauli ya kwenda na malazi, na wana mzigo mmoja wa kilo 24.

Maandalizi ya mwalimu. Mwalimu aandike maagizo mawili kwa mashine. Yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa programu nyingi kubwa hukielewa. La kwanza liwe kama hivi:

"Wewe ni karani wa tiketi za basi na hujui Kiswahili. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha kwanza tunaojifunza Kiingereza. Zungumza nasi kwa Kiingereza chepesi, sentensi moja au mbili kwa kila zamu. Nauli ni shilingi 32,000 kwa mtu. Mzigo unaozidi kilo 20 hulipiwa shilingi 5,000. Basi la saa 12 asubuhi, yaani 6.00 kwa hesabu ya Kiingereza, limejaa. La saa 3 asubuhi, yaani 9.00, lina nafasi tatu. Usitoe habari yoyote mpaka uulizwe. Tukisema jambo lisilo wazi, usikisie. Tuombe tueleze tena. Tukitaja saa, tuulize kama ni asubuhi, mchana au usiku. Usitusahihishe katikati ya mazungumzo."

Agizo la pili limweke mwenye nyumba ya wageni: chumba cha vitanda viwili ni shilingi 40,000, na godoro la ziada ni shilingi 10,000. Mwalimu ayajaribu maagizo yote mawili nyumbani kabla ya somo, kwa sababu mara nyingine mashine husahau ilichoagizwa. Habari hizo hizo aziandike katika kadi mbili, ili mtandao ukikatika au chaji ikiisha, yeye mwenyewe awe karani na somo liendelee.

Hatua ya kwanza: matayarisho (dakika 10). Darasa ligawanywe katika vikundi 10 vya wanafunzi sita. Vikundi 1 hadi 5 vitamuuliza karani; vikundi 6 hadi 10 vitamuuliza mwenye nyumba. Kila kikundi kiandike maswali sita, kila mwanafunzi swali lake. Mwalimu apite akiangalia namna ya kuuliza kwa adabu.

Hatua ya pili: mazungumzo na mashine (dakika 50). Kila kikundi kipate dakika tano mbele ya simu, na kila kikundi kianze mazungumzo mapya. Kila mwanafunzi aulize swali lake kwa kinywa chake, au alichape ikiwa mtandao hauwezi kubeba sauti. Wawili kati yao waandike majibu, na mmoja aandike kila mahali mashine ilipoomba maelezo zaidi. Vikundi vinavyosubiri vifanye mazoezi ya maswali kwa kuigiza. Vilivyomaliza vipange namna ya kueleza walichopata. Kadiri iwezekanavyo simu ikae pembeni au chini ya mti, ili sauti ya kikundi kimoja isivuruge vingine.

Hatua ya tatu: kupashana habari (dakika 12). Wanafunzi wa vikundi vya karani wasimame mstari mmoja, wakitazamana na mstari wa vikundi vya mwenye nyumba. Kila wa mstari wa kwanza amweleze mwenzake alichokipata kwa dakika tatu. Kisha mstari mmoja usogee hatua moja, ili kila mtu apate msikilizaji mpya, na habari ile ile ielezwe kwa dakika mbili. Halafu wasogee tena, ielezwe kwa dakika moja. Baada ya hapo mstari wa pili nao ufanye vivyo hivyo. Mbinu hii ya kurudia habari moja kwa muda unaopungua ilielezwa na Keith Maurice mwaka 1983 kwa dakika nne, tatu na mbili. Hapa tumeipunguza kwa ajili ya wanaoanza. Anayeona hana la kusema kwa dakika tatu, msikilizaji wake amsaidie kwa maswali.

Hatua ya nne: uamuzi na masahihisho (dakika 8). Kila jozi ijumlishe gharama. Nauli ni shilingi 96,000, mzigo 5,000, malazi 50,000. Jumla ni shilingi 151,000. Fedha zimepungua kwa shilingi 1,000. Mwalimu amepanga hivyo kwa makusudi, ili pawe na jambo la kujadili: je, wapunguze mzigo, wawili walale kitanda kimoja, au wamwombe karani awapunguzie? Wanafunzi wawili au watatu watoe uamuzi wao mbele ya darasa. Mwisho, mwalimu achague makosa matatu tu aliyoyasikia mara nyingi, ayaandike ubaoni bila kutaja majina, na awaulize wanafunzi wayarekebishe wenyewe.

Msomaji atazame tena ile hesabu ya mwanzo. Katika hatua ya tatu kila mwanafunzi amesema kwa dakika sita na amesikiliza kwa dakika sita. Badala ya sekunde 20 za kipindi kimoja, au 40 za vipindi viwili, amepata sekunde 360. Kwa hiyo faida kubwa zaidi haikupatikana mbele ya simu. Simu ilimpa mwanafunzi habari ambayo mwenzake hana, na sababu ya kweli ya kumweleza.

Tahadhari

Kwanza, mashine ikitakiwa kueleza kanuni za sarufi huweza kutoa maelezo yaliyonyooka kwa lugha na yaliyopotoka kwa maana. Maelezo ya sarufi yatoke kwa mwalimu, au yapitiwe naye kabla ya kufika darasani.

Pili, wanafunzi wasitaje majina yao kamili, shule yao, namba za simu wala habari za nyumbani. Maneno yanayoandikwa humo huenda kwa kampuni yenye programu na yanaweza kuhifadhiwa. Tena baadhi ya programu zina masharti ya umri. Kwa mfano, ChatGPT haikusudiwi kwa watoto walio chini ya miaka 13, na walio chini ya miaka 18 hutakiwa wawe na idhini ya mzazi au mlezi. Kwa sababu hiyo simu iwe ya mwalimu, mwalimu awepo, na mkuu wa shule na wazazi wajue.

Tatu, mwalimu asiwape wanafunzi kazi ya nyumbani inayohitaji mashine. Mwenye mzazi mwenye simu na fedha za bando atasonga mbele, na mwenzake atabaki nyuma si kwa uvivu bali kwa umaskini. Somo tulilolieleza linawapa wote nafasi sawa.

Nne, mashine isitumiwe kutoa alama za matamshi. Inaweza kushindwa kumwelewa mtoto kwa sababu ya lafudhi yake tu, ilhali mtu angemwelewa bila taabu.

Hitimisho

Katika miaka ya 1960 na baadaye maabara za lugha zilienea katika vyuo vya nchi nyingi, na walimu waliahidiwa kwamba kanda za sauti zingewafanya wanafunzi wazungumze. Kanda zilitoa mazoezi mengi ya kurudia, lakini hazikumpa mwanafunzi mtu wa kumwambia jambo. Programu za leo zimezidi kanda kwa mbali, kwa maana zinajibu. Hata hivyo swali la mwalimu ni lile lile: mwanafunzi huyu anasema nini, anamwambia nani, na kwa nini?

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha asiihesabu mashine kuwa mwalimu msaidizi. Aihesabu kuwa zana ya kufundishia, kama kadi au picha, na aiandike hivyo katika andalio lake la somo, pamoja na hatua itakayofuata baada yake. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyenyamaza hataokolewa na simu. Ataokolewa na siku ile atakapomgeukia jirani yake darasani, amweleze kwa Kiingereza kibovu kwamba basi la asubuhi limejaa, naye jirani ashtuke, aulize: la saa ngapi?

Maswali ya kujadiliana vikundini

1. Chagua mada nyingine kutoka katika muhtasari wa Kiingereza wa kidato cha kwanza. Andika maagizo mawili ya mashine ambayo yatawapa wanafunzi habari tofauti za jambo moja.

2. Taja makosa matatu ambayo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huyafanya kwa Kiingereza, na ambayo mashine inaweza kuyapita bila kuyatambua. Utayanasaje?

3. Shule yako ya mazoezi haina mtandao kabisa. Ni hatua zipi za somo hili utazibakiza, na utamweka nani mahali pa mashine?